Gredi za Pikapu: Unalipia Nini Hasa? Maelezo kwa Mnunuzi wa Malindi na Lamu

Mtu wa Malindi akitaka pikapu ya ukubwa wa kati, hasumbuki sana na jina la kampuni. Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200, Nissan Navara: majina ni yaleyale, na kila mtu ana ami au shemeji wa kumwambia lipi bora. Kizungumkuti huanza gari likishachaguliwa. Ranger mbili za mwaka mmoja na rangi moja zimeegeshwa yadi moja Mombasa. Moja imeizidi nyenziwe bei kwa mamia ya maelfu ya shilingi, na tofauti inayoonekana ni herufi za gredi tu, yaani daraja la vifaa vya gari: hii XL, ile XLT. Pembeni pana Wildtrak iliyozipita zote mbili. Dalali akiulizwa sababu, jibu lake ni moja: "Hii ni fulu opsheni, bwana."

Fulu opsheni ya nini? Ndani ya neno hilo kuna mafungu mawili ya vitu, na yafaa kuyatenga kabla ya kutoa hata shilingi. Fungu la kwanza ni la macho na starehe: kromu, viti vya ngozi, skrini kubwa, rimu za kung'aa, taa za LED, vibandiko vya ubavuni. La pili ni la kazi na uhai: magurudumu mangapi yanasukuma, difu ya nyuma (mtambo wa giya unaogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) inafungika au haifungiki, springi ni za aina gani, gari limeruhusiwa kubeba kilo ngapi, mifuko ya hewa ya kukinga abiria ni mingapi, kuna mfumo wa kuzuia gari lisiserereke au hakuna. Muuzaji hukuonyesha la kwanza kwa kuwa liko mbele ya macho. La pili lataka mtu alale chini ya gari au asome kibao cha kiwandani, na ndilo litakaloamua kama utatoka kwenye mchanga wa Ngomeni na samaki wako au utalala huko mpaka barafu iyeyuke.

Majina yasiyo na mizani moja

Kampuni hutengeneza gari moja, kisha kila soko huliita kwa majina yake. Hilux ya umbo lililotoka 2015 huitwa WorkMate, SR na SR5 Australia. Uingereza ni Active, Icon, Invincible na Invincible X. Afrika Kusini kuna Raider. Japani, ambako Hilux ilirudi kuuzwa 2017 baada ya kukosekana kwa miaka mingi, ilianza na X na Z peke yake. D-Max za Uingereza zimeitwa Eiger, Yukon, Utah na Blade, na L200 za hukohuko zimeitwa Warrior na Barbarian. Hakuna kanuni inayosema Yukon ya Isuzu iwe sawa na Icon ya Toyota. Hata ndani ya kampuni moja, jina lilelile laweza kubeba vitu tofauti kutoka nchi hadi nchi na mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo anayekwambia "hii ni Invincible" hajakwambia mengi.

Namba za kiwandani ndizo zinazosema. Wakenya wengi bado huiita D-Max kwa herufi za zamani, TFR na TFS, na herufi hizo zina maana thabiti: TFR ni ya magurudumu mawili yanayosukuma, TFS ni ya manne. D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, iliyokuwa ikiitwa General Motors East Africa hadi 2017, kwa hivyo mafundi wetu wamezizoea herufi hizo. Kwa Hilux, tazama kibao cha kiwandani. Modeli ikianza na GUN125, hiyo ni injini ya dizeli ya lita 2.4 na magurudumu manne. GUN126 ni lita 2.8 na magurudumu manne. GUN122 ni lita 2.4 na magurudumu mawili. Kibandiko cha Invincible kinanunuliwa na kubandikwa mchana mmoja. Kibao cha chasisi si rahisi kukichezea, na kikichezewa fundi hukijua.

Jambo hili lina uzito pia kwa anayeagiza gari kutoka ng'ambo. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hukadiria ushuru wa gari lililotumika kwa kuanzia bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya hapa nchini, kisha hupunguza kadiri ya umri wake. Gredi ikiwa ya juu, bei ya kuanzia ni ya juu, na ushuru hufuata. Unalipia ngozi ya viti mara mbili: kwa muuzaji, kisha bandarini. Na anayenunua kwa murabaha, benki ikimnunulia gari na kumuuzia kwa faida iliyotajwa, anailipia na mara ya tatu, maana faida hiyo hupigwa juu ya bei nzima.

Magurudumu manne, na difu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa pwani wanapopoteza pesa kwa njia mbili zilizo kinyume.

Wapo wanaolipia 4x4, ya magurudumu yote manne kusukuma, wasiyoihitaji. Barabara ya Mombasa ni lami. Ya kwenda Garsen hadi Witu na Mokowe, iliyokuwa ikitisha zamani, nayo ni lami sasa. Mwenye duka la vifaa mjini, anayepeleka saruji Watamu na Gede na kurudi, hana siku atakayoigusa ile swichi ya H4, ya kuwasha magurudumu manne. Pikapu ya 4x2, ya magurudumu mawili tu kusukuma, yenye mwili ulioinuliwa itamfaa, itakunywa dizeli zaidi kidogo kuliko 4x2 isiyoinuliwa lakini pungufu ya 4x4, na ina vyuma vichache vya kuharibika.

Wapo pia wanaonunua hiyo 4x2 iliyoinuliwa wakidhani ni 4x4. Kwa nje zinafanana kabisa: kimo kile, matairi yale, hata bampa. Chungulia chini mbele. Kama hakuna difu katikati ya magurudumu ya mbele wala mashafti yanayoyafikia, hiyo ni 4x2, liwe limeandikwa nini ubavuni. Ndani ya gari tafuta swichi au lever yenye H2, H4 na L4. Ikikosekana L4, ile giya nzito ya kupandia na kujikwamulia, uliza kwa nini.

Sasa difu. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo. Juu ya lami hiyo ni rehema, kwa sababu gurudumu la nje hupata nafasi ya kuzunguka zaidi kwenye kona. Mchangani huwa balaa. Umetoka Gongoni kuelekea baharini, gurudumu la nyuma la kushoto limezama, la kulia liko juu ya udongo mgumu. Ukikanyaga mafuta, la kushoto linapiga kelele na kuchimba shimo lake, la kulia limetulia kama halihusiki. Hata H4 yaweza kushindwa hapo, maana mbele nako difu inafanya vivyo hivyo. Difu-loki ya nyuma huyalazimisha magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, na mara nyingi hilo pekee latosha kukutoa. Hilux nyingi za 4x4 huja nayo. D-Max za umbo lililotangulia la 2019 hazikuja nayo kiwandani katika masoko mengi. Za umbo jipya huja nayo mara nyingi. Nikiambiwa nichague kati ya difu-loki na viti vya ngozi kwa mtu wa Magarini, sioni cha kufikiria.

Kuna tofauti nyingine ya gredi isiyosemwa sana. Katika pikapu nyingi, H4 si ya kutumiwa kwenye lami kavu: magurudumu ya mbele na nyuma yamefungwa pamoja bila difu ya katikati, na ukikata kona gari hukaza na vyuma huumia. L200 za gredi za juu zenye mfumo wa Super Select zina difu hiyo ya katikati, kwa hivyo yaruhusiwa kuendesha kwa magurudumu manne hata juu ya lami. Gredi zake za chini, zenye Easy Select, haziruhusu. Kwa anayekwenda Lamu msimu wa masika, lami ikiwa na maji vipande vipande, huo ni ubora wa kweli wa kulipiwa.

Maji yenyewe ni habari nyingine. Hilux za 4x4 zimepimwa kuvuka maji ya kina cha milimita 700, Ranger milimita 800. Vipimo hivyo ni vya maji yaliyotulia. Mto Tana ukifurika na kuikata barabara upande wa Gamba, maji yale hutembea, na gredi haina la kusema mbele yake. Subiri.

Kilo ngapi?

Hapa ndipo gredi ya juu inapomgeuka mwenyewe, na wauzaji wengi hawalitaji kabisa. Kila pikapu ina uzito wa juu ulioruhusiwa ikiwa na kila kitu ndani yake: gari, mafuta, watu, mzigo. Uzito huo kiwandani haubadiliki sana kati ya gredi na gredi. Kinachobadilika ni uzito wa gari lenyewe. Kila motor ya kiti, kila bomba la kromu, kila kipande cha 4x4 kinaongeza kilo kwa gari na kuzipunguza kwa mzigo.

Kwenye milango ya pikapu za kazi hapa Kenya utaona herufi T.W. na namba ya kilo. Huo ndio uzito wa gari likiwa tupu. Uchukue, uutoe katika uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao. Tuseme dabo kebu, ile ya safu mbili za viti, imeruhusiwa kilo 3,000 na yenyewe ni kilo 2,050. Zimebaki 950. Waingie watu watano wa kilo 75, zinabaki 575. Mwenye gari ameweka bulba, fremu ya chuma ya kinga, ya kilo 60 mbele na kifuniko cha fibaglasi cha kilo 60 nyuma: zimebaki 455. Hiyo ni mifuko tisa ya saruji ya kilo 50. Watu hupakia ishirini, wakasema gari ni la tani moja. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja kamili, maana lita ya maji ni kilo moja, na dabo kebu kama hiyo haliwezi kulibeba kihalali hata akiwemo dereva peke yake.

Singo kebu ya gredi ya chini kabisa, isiyotamaniwa na mtu, huwa na nafasi ya kilo 1,000 na zaidi, na sehemu yake ya kupakia ina urefu wa kama mita 2.3 wakati ya dabo kebu ni karibu mita 1.5. Boriti na mabati hulala vizuri, hayaning'inii nyuma kwa kitambaa chekundu. Kwa biashara ya maembe, korosho, chumvi au vifaa vya ujenzi, hiyo ndiyo gari.

Springi nazo hufuata gredi. Pikapu za kazi zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, ngumu zikiwa tupu na tulivu zikipakiwa. Gredi za starehe huweka bapa laini zaidi, au koili kabisa. Navara nyingi za dabo kebu za kuanzia 2015 zina koili nyuma, na zinakwenda raha kweli barabarani. Ranger Raptor ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote: ghali kupita Ranger zote, ina koili nyuma, na mzigo wake haufiki hata kilo 800. Uingereza Raptor hata haikuhesabiwa gari la biashara kwa VAT kwa kuwa haifikii tani moja. Uwezo wake wa kuvuta trela ni kilo 2,500 pale ambapo Wildtrak yavuta 3,500, jambo la kuangaliwa na mwenye boti ya kuvutwa.

Injini nitaigusa kwa haraka. Gredi mara nyingi huja na injini yake: Hilux za chini lita 2.4 na nguvu za farasi 150, za juu lita 2.8, ambayo tangu 2020 ina farasi 204. Kutoka Malindi hadi Mokowe hakuna mlima. Ile ndogo yatosha.

Matairi pia ni mafupi kuyaeleza. Gredi za kazi hutumia rimu za inchi 16 au 17 zenye tairi nene, za juu 18 na kuendelea zenye tairi nyembamba. Mchangani unahitaji kushusha upepo hadi kama psi 18 ili tairi litandae, na tairi nene hutandaa vizuri zaidi. Ya inchi 17 hupatikana kila mahali, hata Mpeketoni.

Uhai wa waliomo

Hapa sitaki mtu afanye uchumi. Gredi za chini zilizotengenezwa kwa masoko ya Afrika mara nyingi ndizo zilizopunguzwa vitu vya usalama. Mwaka 2018 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, waliipima Nissan NP300 Hardbody, pikapu iliyojaa barabara zetu, ikapata nyota sifuri. Ilikuwa na mifuko miwili ya hewa. Mwili wa gari ndio uliovunjika na kumwangukia dereva. Baadaye waliigonganisha Hardbody mpya, uso kwa uso, na Navara ya 2015 iliyotumika Ulaya. Tathmini yao ilikuwa kwamba dereva wa gari jipya la Afrika huenda angekufa, na wa gari kuukuu la Ulaya angeweza kutoka akitembea.

Kwa hivyo usihesabu mifuko ya hewa peke yake. Angalia umbo la gari ni la kizazi kipi, na kama gredi hiyo ina mfumo wa kielektroniki unaozuia kuserereka. Pikapu tupu ina mkia mwepesi. Mvua ya kwanza ikilainisha lami baada ya miezi ya vumbi, mkia huo hutoka nje kwenye kona kabla hujajua, na mfumo huo hushika breki ya gurudumu moja moja kukurudisha njiani. Kama gredi ya chini haina na inayofuata inayo, panda gredi moja. Ni nyongeza ninayoipendekeza bila kusita.

Chumvi, samaki na masizi

Bahari hula gari, na gredi ya juu ina sehemu nyingi zaidi za kuliwa. Kromu huanza kutoboka madoa. Vifuniko vya plastiki juu ya matairi hushika mchanga wenye chumvi nyuma yake, na kutu hufanya kazi usipoona. Zulia ni tatizo kwa mtu wa samaki: maji ya barafu yakishuka chini ya kiti, harufu haitoki na sakafu huoza chini kwa chini. Gredi ya chini ina sakafu ya mpira. Unaifungulia mlango, unapiga mpira wa maji, basi. Kwa gari linalolala Mokowe wakati mwenyewe yuko ng'ambo ya maji, kisiwani Lamu, siku kadhaa kwenye hewa ya mikoko bila kuwashwa, sakafu ya mpira na rimu za chuma zilizopakwa rangi ni faida.

Anayeagiza kutoka Uingereza achunguze chasisi kwa bidii zaidi. Kule hunyunyiza chumvi barabarani majira ya baridi, kwa hivyo gari huja tayari limeonja. Sheria yetu huruhusu gari la usukani wa kulia lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na miaka 8 ya chumvi ni mingi. Gonga chasisi kwa bisibisi karibu na springi za nyuma. Sauti ya chuma kizima huijua kila mtu.

Na kuna DPF, chujio la kunasa masizi ya dizeli. Pikapu za kisasa za Ulaya na Australia zinalo, nyingine pia na tangi la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili kufanya hivyo hutaka mwendo mrefu wa kasi isiyokatika. Gari la kwenda soko la Malindi, Shela, kisha nyumbani halipati mwendo huo, chujio likaziba na taa ikawaka. Hata nchi zilizozoea teknolojia hii zimepata taabu: mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliona kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro katika mfumo huo. Kwa mwenye safari za Mombasa na Garsen kila wiki, DPF si shida. Kwa wa safari fupi, singo kebu iliyounganishwa hapa bila chujio hilo itampa usingizi.

Kabla ya kutuma amana

Kwa familia yenye shamba bara na shughuli mjini, mimi ningechukua dabo kebu ya gredi ya pili kutoka chini: 4x4, difu-loki, mfumo wa kuzuia kuserereka, viti vya kitambaa, sakafu ya mpira. Kwa biashara tupu ya mizigo, singo kebu. Gredi za juu ni za anayeendesha kilomita nyingi za lami na watu ndani, anayetaka utulivu wa masikio na mgongo, na hilo nalo ni haki yake.

Chochote utakachoamua, muuzaji akutumie kwa WhatsApp picha hizi zilizopigwa siku hiyohiyo: kibao cha kiwandani kinachoonyesha modeli na uzito wa juu, chini ya gari, upande wa mbele, ili difu ionekane, swichi za H4, L4 na difu-loki zikiwa zimewashwa, taa zake zikionekana kwenye dashibodi, springi za nyuma na chasisi iliyo karibu nazo, na logbuku au hati ya usajili ya ng'ambo. Gari likiwa nchini, nenda na fundi wako, asiwe wa yadi. Aiwashe L4, gari lisogee hatua chache mbele na nyuma kwenye udongo, kisha aizime. Mtambo usiotumika miaka mingi hukwama ndani, na ni afadhali ukwame mbele ya muuzaji, bei ikiwa bado inazungumzika.